Ukungu Uliosahau Maganda

Kiwandani kwetu kila mtu alimwita Shemeji, hata mlinzi wa getini ambaye kwa umri angeweza kumzaa. Mumewe alikuwa nyapara wa matangi, na wanaume wote wa matangini walimhesabu nyapara kuwa kaka yao mkubwa. Mke wa kaka ni shemeji. Jina likatoka matangini, likapita kwenye mashine ya kusagia, likapanda ngazi za ofisini, mpaka siku moja meneja mwenyewe akateleza ulimi mkutanoni akasema, "Hebu tumsikilize Shemeji." Watu walicheka wakashika mbavu. Yeye aliinuka akasema alichotaka kusema, kisha akaketi. Mbele ya watu hakuwa mtu wa maneno mengi.

Mimi nilikuwa mwosha vyombo wa maabara yake. Chupa, mirija, sahani ndogo za kioo, vyote vilipita mikononi mwangu. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, kwa hiyo mengi ninayoyasimulia niliyaona kwa macho. Mengine aliniambia mwenyewe tukiwa tumekaa kwenye ngazi tunakunywa chai, wakati alipokuwa bado anapenda kuongea.

Malori yalituletea maganda ya kamba kutoka kwenye viwanda vya kusafisha samaki. Maganda yalisagwa, yakalowekwa kwenye asidi mpaka chokaa ikatoka, yakaoshwa, halafu yakaingia kwenye tangi kubwa la kostiki. Hiyo ni soda ya kutengenezea sabuni, ila ya kwetu ilikuwa nzito, na ilichemshwa mpaka ikatoa mvuke unaokwaruza koo. Ganda likitoka humo si lile tena. Lililoingia huitwa khitini, kitu kigumu kisichojali maji wala siki. Lililotoka huitwa khitosani, na hilo huyeyuka, na wanunuzi hulifanyia bandeji za vidonda na hulitumia kusafishia maji machafu. Kulipima ni rahisi. Tia chembe kidogo kwenye glasi ya siki, koroga, subiri. Zikiyeyuka, umepata. Zikituama chini kama mchanga, rudi ulikotoka.

Lakini kostiki haina utani na mtu. Ikikugusa, kwanza ngozi inateleza tu, unadhani ni maji ya sabuni, kumbe ngozi yako ndiyo inayogeuka sabuni. Nyapara alikuwa na mabaka meupe mikono yote miwili. Alikuwa mtu wa mzaha, mwili mkubwa na sauti kubwa, na akiulizwa kuhusu mabaka yale husema, "Mimi ni chui, mkia tu haujaota." Mkewe hakucheka utani huo hata mara moja.

Kisha mmoja wa wanaume wa matangini, baba wa watoto watatu tuliyemwita Mwembamba, akapoteza jicho. Alikuwa anakoroga, povu likaruka. Tone moja tu. Nyapara ndiye aliyemshika kichwa chini ya bomba, na jioni ile alirudi nyumbani hana utani wowote, akakaa kitandani na viatu vyake miguuni. Shemeji aliniambia kwamba alimwahidi palepale, "Nitakutoa kwenye hiyo soda. Wewe na wenzako wote."

"Utatutoaje?" mumewe akauliza. "Ganda la kamba halibembelezwi."

"Linabembelezwa. Ukitafuna mkate ukaukawiza mdomoni, si unakuwa mtamu?"

"Unakuwa."

"Umewasha moto mdomoni? Umetia kostiki? Ni mate. Ndani ya mate kuna kimeng'enya kinachokata wanga taratibu, kinaugeuza sukari. Kila kitu duniani kinachooza kina kimeng'enya chake. Hata ganda la kamba linaoza, maana kuna kinacholila."

Nyapara akafikiri. "Kwa hiyo mke wangu umesoma miaka yote ile ili uje kuyatemea mate maganda."

Ndipo wakacheka wote wawili.

Nyuma ya kiwanda kulikuwa na lundo la maganda mabovu, yale yaliyofika yameharibika. Lilikuwa pale tangu kiwanda kinajengwa, limefika urefu wa paa, linanuka hata majirani walikuwa wakifunga madirisha. Shemeji alilizunguka lundo lile asubuhi nyingi akiwa na buti na kijiko. Upande wa kivulini, chini kabisa, alipata ukungu wa rangi ya majivu umetanda juu ya maganda, na mahali ulipotanda maganda yalikuwa laini kama karatasi iliyolowa. Aliukwangua, akauleta maabara, akaupanda kwenye sahani za kioo. Alinionyesha kwa fahari kama mama aliyejifungua. Mimi niliona uchafu.

Alinieleza kazi yake kwa maneno ambayo hata mimi niliyaelewa. Khitini ni minyororo mirefu iliyolazwa pamoja na kukazwa kama mkeka mpya, na kila pete ya mnyororo ina kinundu kidogo pembeni. Ukivitoa vinundu, mnyororo unalegea, unakubali kuyeyuka; hiyo ndiyo khitosani. Kostiki huvitoa kwa nguvu, na mara nyingi huikatakata minyororo yenyewe. Ukungu ule ulikuwa na vimeng'enya viwili: kimoja kinaupasua mkeka juu juu, cha pili kinaingia kwenye upenyo na kung'oa vinundu kimoja kimoja, mnyororo ukabaki mzima. Shida ilikuwa mkeka kukazana mno. Kimeng'enya kiligusa juu tu kisha kikasimama mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa.

Kwa muda mrefu nilikuwa naosha glasi zenye mchanga chini. Alisaga maganda laini zaidi. Alibadilisha joto. Aliyaloweka, akayagandisha, akayayeyusha. Wanaume wa matangini walipita dirishani wakauliza, "Shemeji, mate yameshuka?" naye akawajibu, "Bado, kinywa kikavu." Halafu asubuhi moja nikaingia nikamkuta amesimama mbele ya glasi, haongei. Nikadhani anaumwa. Nikasogea. Glasi ilikuwa safi, na siki imekuwa nzito kidogo kama uji mwepesi, hamna hata chembe chini. Nilikwenda mwenyewe kumwita nyapara. Alikuja mbio na mabuti yake, akachafua sakafu niliyotoka kupiga deki, akainama akatazama glasi kwa muda. Kisha akamshika mkewe kichwa kwa mikono yote miwili, yale mabaka yake yote yakaonekana, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Kweli umetema."

Meneja akampa tangi. Likafanya kazi. Maji ya uvuguvugu tu, hakuna mvuke, hakuna kukohoa. Wanaume wakawa wanakoroga wamevaa fulana. Mtengeneza bandeji mmoja akaleta ujumbe kwamba khitosani ile ni bora kuliko yote aliyowahi kuipata, na kwamba anaitaka hiyo hiyo, ya soda basi tena. Meneja alifurahi mpaka akawa anasalimia watu. Akatangaza kwamba nyuma ya kiwanda litajengwa banda jipya la matangi ya vimeng'enya, na tangi la kostiki litastaafu.

Ili kujenga banda ilibidi lundo liondolewe. Lilikuja tingatinga, likalisukuma lundo ndani ya malori, malori yakaenda kulitupa mbali, mahali lilipofukiwa na taka nyingine. Majirani walifungua madirisha. Shemeji na mimi tulisimama tukatazama, na tukashukuru kwa ajili ya pua zetu. Nani atalilia lundo linalonuka? Ukungu ulikuwa kwenye sahani, sahani ziko kabatini, na nyingine ziko kwenye jokofu kama akiba. Siku chache baadaye pale palipokuwa na lundo pakamwagwa zege.

Katika siku hizo hizo nyapara alikwenda kwa meneja kuomba koki mpya ya tangi la kostiki, maana ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu na ilianza kutoa jasho. Meneja akamtazama akasema, "Nyapara, unataka tumnunulie maiti viatu?" Nyapara mwenyewe alicheka. Aliusimulia utani ule kantini, aliusimulia nyumbani. Na ulikuwa utani mzuri. Tangi lilikuwa linakufa kweli.

Mabadiliko yalianza pole pole, kama nywele kunyonyoka. Kundi moja la maganda likachelewa kidogo. Shemeji akasema labda maji. Kundi lililofuata likatoka na weupe-weupe kwenye glasi, haliko safi. Akasema labda ni maganda yenyewe, yametoka kwa msafishaji mwingine. Akabadilisha maji, akabadilisha maganda. Halafu asubuhi moja nikaosha glasi yenye mchanga chini, na hatukutazamana.

Ukungu ulikuwa hai. Ulikuwa umenawiri, umejaa kwenye sahani, mzuri kuliko siku ya kwanza. Hiyo ndiyo iliyomchanganya. Alihangaika nao mpaka akapata jibu, na alipolipata alikaa kwenye kiti changu cha kuoshea vyombo, akanieleza kama mtu anayetoa habari za msiba.

"Nimeulisha vizuri mno," alisema. "Nilitaka ukue haraka, nikawa naupa sukari. Kule kwenye lundo ulikuwa na ganda tu. Usipotengeneza kimeng'enya unakufa njaa. Huku kila nikiuhamisha sahani hii kwenda ile, unakuta mezani pameandaliwa. Wale wavivu ndani yake wakakua haraka kuliko wachapakazi. Sasa wamebaki wavivu watupu."

"Kama watu," nikasema, nikitaka kumchekesha.

"Kama watu," akasema.

"Na ile akiba ya kwenye jokofu?"

Aliitoa siku ileile. Aliiweka kwenye joto, akaisubiri, akaipa kila alichokijua. Haikuamka. Ulikuwa ukungu wa kwenye unyevu na kivuli. Baridi ile iliuua wote, na hakuna aliyejua mpaka tulipouhitaji.

Ndipo nilipomwona akikimbia. Alikimbia hadi kwenye banda jipya, akasimama juu ya zege, akatazama miguu yake. Baada ya hapo alianza kutafuta. Alikwangua maganda ya kwenye malori kabla hayajashushwa. Alikwangua mtaro wa maji machafu. Alikwenda hadi lilikotupwa lundo, akakuta udongo na nyasi na takataka za mji mzima, akachimba kwa mikono mpaka mwenye eneo akamfukuza. Alirudi na kucha zimevunjika. Mlinzi wa getini akamuuliza, "Shemeji, unatafuta nini kila siku chini?"

"Ukungu."

"Bafuni kwangu umejaa tele. Njoo uchukue bure."

Mzee wa watu alikuwa anatania. Kesho yake Shemeji alikwenda nyumbani kwake na kijiko na sahani, akaingia bafuni, akapiga magoti, akakwangua pembe zote. Mke wa mlinzi alisimama mlangoni hajui acheke au amwombee. Ukungu alioupata, huo na wa kila mahali, aliuweka juu ya maganda. Mwingine ulikufa, mwingine uliishi bila kufanya lolote. Glasi zangu zilijaa mchanga.

Mtengeneza bandeji alikuwa anasubiri, na wengine walikuwa wanasubiri. Meneja alivumilia zaidi ya nilivyotarajia, lazima niseme haki. Halafu akaja matangini akasema kwamba tangi la kostiki liwashwe, kwa muda tu, mpaka Shemeji aweke mambo sawa.

Nyapara alilikagua. Alifunga koki kwa mpira na waya, akaipaka gundi ya bomba, akasema itashika kwa kitambo. Shemeji alimfuata pale pale mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Usiliwashe. Waambie hapana."

"Nikisema hapana mimi, ataambiwa Mwembamba. Amebakiwa na jicho moja. Nimwachie yeye?"

"Nipe muda kidogo. Nitaupata."

"Najua utaupata," akasema nyapara. Alimgusa shavu kwa nyuma ya kidole, maana kiganja kilikuwa na gundi. "Ukiupata, nitalizima kwa mkono wangu. Nenda basi, usinitie mikosi."

Tangi lilifanya kazi vizuri mpaka tukaanza kulisahau. Ilikuwa kabla ya chai ya asubuhi, jua linaingia dirishani, mimi nimeshika chupa, tuliposikia mlio kama kizibo kikubwa kikichomoka, kisha sauti za watu. Shemeji hakuuliza. Aliangusha alichokishika akatoka. Nilipofika matangini yeye na Mwembamba walikuwa tayari wameshamvuta nyapara chini ya bomba la maji, amempakata kichwa mapajani, maji yanawamwagikia wote. Alikuwa anamfumbua kope kwa vidole ili maji yaingie. Alikuwa anahesabu kwa sauti, sijui anahesabu nini. Nyapara hakulia. Alikuwa anasema tu, "Inateleza. Mke wangu, mbona inateleza."

Hospitali walimfunga uso, shingo na kifua kwa shashi nyeupe. Mama yake alikuja kutoka mbali, mwanamke mnyoofu wa kusema, akaketi upande mmoja wa kitanda, Shemeji upande wa pili. Nilikuwa nimeleta uji. Mama mkwe akamtazama mkaza mwanawe, akamuuliza bila ukali wowote, kama mtu anayetaka tu kuelewa:

"Mwanangu, si mliniambia mnatengeneza dawa ya vidonda?"

"Ndiyo, mama."

"Iko wapi?"

Shemeji alivuta shuka, akalinyoosha juu ya miguu ya mumewe. Mama akaendelea kumpepea mwanawe kwa kipande cha boksi.

Macho yote mawili yalikwenda. Daktari alisema tushukuru roho imebaki. Koo nalo lilikuwa limevuta mvuke mwingi, kwa hiyo ile sauti kubwa ikawa kama karatasi inayokunjwa. Meneja alikuja wodini, akasimama miguuni mwa kitanda, akalia machozi ya kweli. Nyapara alimsikiliza analia, halafu akasema, "Nani huyo? Mwambieni aende akapumzike." Sijui kama alikuwa anatania. Hakuna aliyecheka.

Kiwanda kilinunua tangi jipya la kostiki. Lina koki imara, lina mfuniko, na kila mtu wa matangini amepewa miwani mikubwa na glavu zinazofika kwenye kiwiko. Shemeji aliomba kuendelea na kazi ya vimeng'enya. Alisema kuna mahali nje wanauza kimeng'enya kilichokwisha tayarishwa, na kwamba kosa la ukungu limemfundisha jinsi ya kuhifadhi. Meneja hakukataa. Alisema, "Tusubiri kwanza, Shemeji. Watu wamechoka." Banda jipya likawa ghala la magunia. Mbio za sakafuni, kama wasemavyo.

Nilidhani ataacha kazi. Lakini nyumba nzima sasa ilikuwa inamtegemea yeye, na mama mkwe alikuwa amehamia. Baada ya wiki kadhaa alirudi maabara. Alitoa sahani zote kabatini, zile zenye ukungu ulionawiri, akanipa niziloweke kwenye dawa ya kuua. Nilimuuliza kama tubakize moja. Akasema, "Ya nini?" Nikaziloweka.

Kazi yake sasa ni kupima ukali wa kostiki. Kila asubuhi Mwembamba, ambaye ndiye nyapara siku hizi, huleta chupa ndogo kutoka kwenye tangi, anaiweka mezani bila kumtazama usoni. Shemeji anapima, anasema iko sawa au inahitaji kuongezwa. Asiposema, moto hauwashwi. Anasema. Namwona akimimina bila kumwaga tone, na najua kila kundi linalotoka linayeyuka vizuri kwenye siki, maana glasi ninaziosha mimi. Wanaume hawapiti tena dirishani na maneno ya mate. Siku moja niliona mmoja wao, mgeni, ana baka jeupe jipya juu ya kifundo cha mkono, pale glavu ilipoishia. Shemeji naye aliliona. Aliliangalia, akarudisha macho kwenye kipimo.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwatembelea Shemeji na mumewe Jumapili mchana. Nyapara wetu wa zamani alikuwa amekaa ukumbini kwenye kiti cha mbao, amenyolewa vizuri, shati limepigwa pasi. Mama yake alikuwa amelala. Shemeji alinikaribisha, akaingia jikoni kuchemsha chai. Tulikaa, mimi na mumewe, na redio ya jirani inasikika kwa mbali. Nilimweleza habari za kazini, nani ameoa, nani amehamishwa. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akanyoosha mkono hewani akautafuta wangu, akaukamata, akaninong'oneza kwa ile sauti yake ya karatasi.

"Dada, wewe unashinda naye. Niambie kweli. Huko kazini huwa analia?"

"Hapana, kaka yangu," nikasema, nikidhani namfariji. "Wala. Yuko imara kabisa."

Alikaza vidole vyake kwenye mkono wangu.

"Na hapa halii," akasema. "Usiku namsikiliza. Anapumua tu. Afadhali angelia."

Aliuachia mkono wangu. Shemeji alirudi na vikombe, akakiweka kimoja kwenye kiganja cha mumewe, akavifunga vidole vyake kimoja kimoja mpaka kikashika, kisha akaketi kwenye mkeka akaegemea ukuta. Alinikaribisha sukari. Tukanywa.